Sungusungu wa Mama na Uji wa Bibi

Mama yangu anashona marinda ambayo hayafunguki. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi hapa Mikumi siku hizi wakimtaja wanaanza na ugonjwa, na mimi sipendi. Sketi ya shule iliyotoka mikononi mwake unaweza kuifua mpaka rangi ikachoka, marinda yatabaki yamesimama vilevile. Najua kwa sababu nimezivaa tangu darasa la kwanza, na sasa niko kidato cha tatu.

Anashonea kibarazani kwetu, panapotazama barabara kuu. Malori ya Zambia yanapita hapo kutwa nzima, na yakitoboka tairi baba ndiye anayeziba, hatua chache kutoka kwa mama, chini ya turubai lake. Kwa hiyo wateja wa baba wanamwona mama, na wateja wa mama wanamwona baba, na wote wananiona mimi. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua. Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni nikiulizwa swali nasimama, jibu ninalo, linakataa kutoka. Mwalimu wa Historia ananiita Redio Mbovu. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna mtu anayesema, "Paza sauti."

Ugonjwa ulianza na jicho. Mama aliamka akasema jicho la kushoto linaona kama kupitia maji ya mchele. Likapona lenyewe karibu lote baada ya wiki kadhaa, ukungu kidogo tu ukabaki, tukasahau. Mwaka uliofuata mguu wa kulia ukafa ganzi, na ule ukabaki dhaifu. Sasa cherehani ya mama ni ya kukanyaga. Mguu mmoja ukigoma, sindano inakwenda kwa kushtuka, mshono unakuwa kama maandishi ya mtoto wa chekechea. Alijaribu siku mbili tatu, akafumua, akashona, akafumua tena. Kisha akaniita, akaniambia nivute stuli nikae ubavuni pake.

"Wewe utakuwa miguu," alisema. "Mimi nitabaki mikono."

Tukajifunza hivyo. Yeye anaongoza kitambaa, mimi nakanyaga. Akisema "haya," naanza. Akisema "pole," napunguza. Akisema "tua," nasimama papo hapo, kwa sababu hapo kuna kona ya rinda na ukizidisha hata kidogo umeharibu. Mwanzoni wateja walicheka. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anasubiri tairi alituangalia muda mrefu akasema, "Mama, hii cherehani yako ina injini ya kike." Mama akamjibu bila kuinua kichwa, "Na haili dizeli." Nilitaka ardhi inimeze, lakini nilikanyaga vizuri sana siku ile.

Baada ya miezi tukawa hatuhitaji maneno. Mabega yake yakishuka kidogo, nilijua ni "pole". Sijui kama kuna watoto wengi wanaomjua mama yao kwa mguu.

Jina la ugonjwa tulilipata Dar es Salaam, hospitali kubwa, baada ya kuzungushwa sana na kupigwa kipimo cha MRI. Unaitwa MS. Daktari alikuwa dada kijana, anaongea polepole, na alituchorea. Alisema mwili una askari wake wa kinga, wanaopambana na wadudu wa magonjwa. Kwa mama, baadhi ya askari hao wamemgeukia mama mwenyewe. Wanatafuna ganda linalofunika mishipa ya fahamu, kama panya anavyotafuna plastiki ya waya. Umeme unatoka kichwani vizuri, lakini mguuni unafika umechoka, au haufiki.

Nilikuwa nimesoma kinga kwenye Baiolojia na nilipata alama nzuri. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba inaweza kukosea mtu.

Mama aliuliza swali moja tu. "Na mikono?"

Daktari hakumdanganya. Alisema shambulio likija huwezi kuchagua litachukua nini. Kisha akaeleza kuhusu dawa ya dripu, ambayo ilianza kutumika kwa aina fulani za saratani. Inaondoa kundi moja la hao askari. Kwa ugonjwa wa mama bado watafiti wanaendelea kuichunguza. Wao wangempa na kumfuatilia kwa karibu, bila kumwahidi kitu. Haitarudisha kilichokwisha kuchukuliwa. Inaweza kuzuia shambulio jingine, na inaweza pia kumwacha mwepesi kushikwa na magonjwa mengine. "Nendeni nyumbani mkafikirie," alisema.

"Nimeshafikiria," mama alisema. "Miguu ninayo mingine." Akanigusa goti. "Mikono mingine sina."

Basi tulichokuwa tunapigania tangu siku hiyo kilikuwa hicho. Mikono ya mama.

Tatizo lilikuja kutoka upande wa upendo.

Bibi, mama yake baba, anaishi Magole na babu. Walihama kutoka Usukumani na ng'ombe wao kabla baba hajaoa. Aliposikia mkwewe anaumwa ugonjwa wa kinga, hakungoja kuelezwa. Sisi wote tumekua tukisikia neno hilo kwa namna moja: kinga imeshuka, ongeza kinga. Ndivyo tulivyofundishwa kuhusu UKIMWI, ndivyo tulivyoambiwa wakati wa korona tukajifukiza na kula tangawizi mpaka midomo ikaungua. Hakuna mtu hapa aliyewahi kusikia kwamba kinga inaweza kuwa na nguvu mahali pasipotakiwa. Bibi akapita Dumila stendi, akamkuta muuza dawa mmoja mwenye spika kwenye baiskeli, anayetangaza dawa ya kuongeza kinga ya mwili, mizizi saba kwenye kopo moja. Akanunua. Akachuma na majani ya mlonge wake mwenyewe. Akapanda gari, akaja kwetu na begi la nguo na mfuko wa dawa, na mfuko ulikuwa mkubwa kuliko begi.

Kila asubuhi alikoroga uji, akatia mlonge, akatia unga wa mizizi, akamletea mama kibarazani kwa mikono miwili. Mama alipokea kwa mikono miwili, akainama, akanywa wote. Ulikuwa mchungu, mimi niliulamba kijiko nikajuta. Lakini kwetu mkwe hakatai kitu alichopewa na mama mkwe, tena cha kumponya. Huo ungekuwa msiba wa ukoo mzima.

Na ni kweli bibi alikuwa anampenda. Alimfulia, alimsugua ule mguu mafuta akimsimulia ng'ombe wote aliowahi kuwazalisha. Aliyekuwa akimchokoza ni mimi tu. Bibi ananiita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu wa kike, kwa sababu ya babu. "Mke mwenzangu bubu," alikuwa akisema. "Babu yako akikuoa atafurahi, atalala usingizi. Mimi namchosha kwa maneno." Ananingoja nimjibu, maana utani wa bibi na mjukuu lazima uwe na pande mbili. Mimi nacheka tu na kuangalia chini. Upande wangu wa utani ulikuwa unalala njaa miaka yote.

Siku ya kwenda kuanza dawa tulipanda gari dogo la abiria, Noah, mpaka Kilosa, halafu treni ya umeme. Baba alibaki na matairi, nikaenda mimi. Ndani ya treni kuna kiyoyozi, na kitu cha ajabu kikatokea: mama akasoma tangazo lililoko mwisho wa behewa kwa lile jicho la kushoto. Daktari alikuwa ametuambia joto linazidisha hali yake, tukawa hatujaona tofauti kwa sababu kwetu joto ni la siku zote. Mama akaegemea kiti. "Kumbe dawa ni kuhamia humu," alisema. "Baba yako atuletee cherehani."

Tulifika tukicheka. Wakamtoa damu. Baada ya kusubiri sana daktari akarudi bila kucheka.

"Vipimo vya ini vimepanda," alisema. "Mara ya kwanza vilikuwa sawa kabisa. Mama, kuna dawa yoyote ya kienyeji unatumia?"

Mama akaniangalia. Nilijua anachofikiria. Kusema ni kama kumshtaki bibi mbele ya watu.

"Nakunywa uji," mama alisema mwishoni. "Mama mkwe wangu ananipikia. Ana nia njema sana, dokta, naomba uandike na hilo."

Daktari hakumgombeza. Alisema hawezi kujua kilichomo kwenye ule unga, na hawezi kuanza dawa juu ya ini linalolalamika. Aache vyote, arudi baada ya wiki kadhaa wapime tena. Vikishuka, wataanza. Visiposhuka, hataweza kupewa dawa hii. Na wakati wote huo, mama atakuwa hana kinga dhidi ya kinga yake.

Kwenye treni ya kurudi mama hakusoma tangazo lolote.

"Nitamwambiaje?" alisema.

Nyumbani alimwambia baba. Baba ana mikono inayong'oa tairi la lori, lakini alikaa chini kama mtu aliyeishiwa pumzi.

"Mimi? Nimwambie mama yangu dawa yake inaua?"

"Sijasema inaua."

"Yeye ndivyo atakavyosikia. Atafunga begi asubuhi hiyohiyo. Umwage tu kisirisiri."

"Nimwage chakula cha mama yako?" mama alisema, na hapo maongezi yakaisha, kwa sababu wote wawili walijua hatamwaga.

Mimi nilikuwa naosha vyombo nikisikia. Nilikuwa nafikiria ni nani katika nyumba hii anaruhusiwa kumwambia bibi kitu chochote, hata kibaya, na bibi asikasirike. Baba ni mwanawe, haruhusiwi. Mama ni mkwe, ndiyo kabisa. Jirani atakuwa anaingilia. Anayeruhusiwa ni mke mwenza. Mimi. Bubu.

Niliosha sufuria moja mara mbili.

Asubuhi bibi akatoka jikoni na kikombe. Mama alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, kitambaa cha sketi kiko chini ya sindano. Nilisimama kutoka kwenye stuli, nikapiga goti, nikakipokea kile kikombe mimi, kwa mikono miwili. Nikabaki nacho.

"Si chako hicho," bibi alisema.

"Mke mwenza," nilisema. Sauti ilitoka kama ya panya, nikarudia. "Mke mwenza, leo nina kesi na wewe."

Baba alikuwa anapiga nyundo kwenye ringi. Nyundo ikanyamaza.

Bibi alinitazama kuanzia miguuni. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akapanga kanga yake vizuri kama mtu aliyefika barazani. "Bubu ana kesi," alisema. "Haya. Sema. Nikikushinda, babu ni wangu peke yangu."

"Chukua," nilisema. "Amezeeka."

Akacheka mpaka akashika kifua. Hilo likanipa nguvu, kwa sababu bibi akishacheka huwezi kumgeuza tena kuwa mkali.

Nikamuuliza, "Bibi, kule Usukumani sungusungu walikuwa wanafanya kazi gani?"

"Wewe hujui sungusungu? Wanalinda. Mwizi akiiba ng'ombe, filimbi inalia, wanaume wote wanatoka na pinde na fimbo. Hakuna polisi atakayefika haraka kama wao."

"Na walikuwa hawakosei?"

Akafikiria. "Walikuwa wanakosea. Wakati mwingine. Walimpiga mjomba wangu, walidhani mwizi. Alikuwa anarudi kwenye boma lake mwenyewe na ng'ombe wake mwenyewe. Hakutembea vizuri tena."

Sikujua habari hiyo. Sikuwa nimeipanga. Nilisimama na kikombe nikasahau nilichotaka kusema, na mama nilimwona ameacha kitambaa, ananiangalia kama alivyoangalia lile tangazo la kwenye treni.

"Bibi," nilisema, "mama ana sungusungu ndani ya mwili. Kila mtu anao. Hao ndio kinga. Wa mama ni wengi, wana nguvu, hawana tatizo la nguvu. Wamemkosea tu. Wanampiga mwenye boma. Walianza na jicho, wakaja mguuni. Daktari anataka kuwanyang'anya fimbo. Sasa wewe kila asubuhi unawapikia uji."

Lori lilipita, likamaliza kupita.

"Uji wangu unawashibisha hao?" bibi aliuliza. Hakuniuliza mimi, alimuuliza mama.

"Sijui kama unawashibisha, mama," mama alisema kwa sauti ndogo. "Lakini damu yangu imekataliwa. Ini limechoka, na daktari anahisi ni mizizi. Nisipoacha vyote hawatanipa dawa. Nilishindwa kukwambia."

Bibi alinyoosha mkono, nikampa kikombe. Aliuangalia uji. Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa karibu kulia kabla yake.

"Nilimpa yule mwenye spika kuku wangu mzuri," alisema. Kisha akamgeukia baba, ambaye bado alikuwa ameshika nyundo hewani. "Na wewe ulijua?"

"Mama, mimi..."

"Mwanaume mzima. Unamwachia mke mwenzangu kesi." Akasimama, akamwaga uji kwenye mtaro wa barabara, akasuuza kikombe. "Babu ni wako," aliniambia akipita. "Umeshinda. Njoo umchukue, na ng'ombe wake wanaoharisha."

Sijawahi kupewa tuzo shuleni, kwa hiyo sina cha kulinganisha. Lakini nilikaa kwenye stuli yangu, mama akasema "haya," na nikakanyaga, na miguu ilikwenda kasi kiasi kwamba ilibidi aseme "tua" kabla ya kufika kona.

Bibi hakuondoka. Alibadilisha kazi. Alikuwa mpishi wa sungusungu, akawa mlinzi wa mama dhidi ya kila mwenye dawa. Akina mama wa kanisani walikuja na kitunguu saumu kilichopondwa na asali, akawapokea vizuri, akawakaribisha chai, chupa wakarudi nayo. Jirani akaleta majani. Bibi akamkalisha kigodani akamweleza kesi yote, mpaka mjomba wake na ng'ombe. Aliisimulia vizuri kuliko mimi. Kila mara alimalizia hivi: "Mjukuu wangu ndiye aliyeamua hiyo kesi, huyo hapo," akininyooshea kidole, nami nikijificha nyuma ya kitambaa.

Wapo ambao hawakuelewa, na wengine hawakutaka. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare za wanawe alishusha sauti akamwambia mama asikate tamaa, siku hizi dawa zipo, mtu anaishi nao miaka mingi tu. Mama alikata uzi kwa meno.

"Nilipimwa, sina," alisema. "Na ningekuwa nao ningekushonea vilevile. Jaribisha urefu."

Hakuna siku niliyomwonea fahari kama hiyo. Alikuwa na woga ule wote wa mikono, na mikono hiyohiyo ikawa inakunja sketi ya mtoto wa mtu taratibu, rinda juu ya rinda.

Tuliporudi Dar bibi alikuja pia, akasema anataka kumwona huyo anayenyang'anya watu fimbo. Damu ikachukuliwa. Tulikaa kwenye benchi, mama katikati. Daktari alipotoka nilimwangalia usoni kabla hajafungua mdomo, na nikajua.

"Ini limetulia," alisema. "Leo tunaanza."

Dripu ilikwenda polepole, karibu siku nzima, muuguzi akija kupima presha na kuuliza kama mama anawashwa. Mama aliwashwa kidogo kooni, wakaisimamisha, ikatulia, wakaendelea. Bibi alikuwa anaangalia matone. "Ndogo hivi," alisema. "Nilitegemea itakuwa nyeusi." Daktari alikuja akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba, kisha akamuuliza kama ni kweli sungusungu hawataondolewa wote, maana mwizi wa kweli akija atakuta boma tupu. Daktari aliniangalia mimi. Sijui alijuaje kwamba mfano ule ni wangu.

"Wengine watabaki, bibi," alisema. "Ila walinzi watakuwa wachache kwa muda. Kwa hiyo mwenye mafua asimkaribie."

"Hatamkaribia," bibi alisema. Namhurumia mwenye mafua.

Mama amepata dawa hiyo zaidi ya mara moja sasa. Hakuna aliyetuambia amepona, na mguu wa kulia haujarudi. Daktari bado anasema hawezi kuahidi. Lakini kipimo cha mwisho hakikuonyesha jeraha jipya, na msimu mzima wa sare umepita, kibaraza kimejaa vitambaa vya bluu mpaka baba analalamika hana pa kupita. Mikono ya mama ipo.

Juzi nilichelewa kutoka shule. Nilisikia cherehani kabla sijafika, inakwenda, inasita, inakwenda. Nikadhani bibi amekalia stuli yangu. Hapana, alikuwa pembeni anachambua mchele. Mama alikuwa anakanyaga mwenyewe kwa mguu wa kushoto, ule mzima, na ule wa kulia ameuweka juu yake usafiri tu. Mshono ulikuwa unapinda kidogo. Akaniona, akasogea upande mmoja wa kibao cha miguu.

"Weka mmoja," alisema. "Siyo miwili."

Nikavua kiatu, nikaweka mguu wangu kando ya wake.

"Haya," nilisema mimi.